Kiwanja Kitupu Kina Mwenyewe



Leo naomba niziweke pembeni kidogo mada zetu za kila siku za katiba na tume ya uchaguzi. Nataka tuongelee kitu ambacho kila kijana wa Babati anakiota usiku, awe bodaboda, mwalimu wa mkataba au mwanafunzi kama mimi anayesubiri boom. Kiwanja.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Sigino. Kaka yangu anaendesha bodaboda pale stendi. Kwa miaka minne, akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi abiria wa mabasi ya Arusha na Dodoma, alikuwa amejikusanyia milioni tatu na laki mbili. Jioni moja akaingia ndani anatabasamu mpaka nikajua kuna jambo.

"Mdogo wangu, nimepata mchongo. Kiwanja hukuhuku Sigino, ishirini kwa ishirini, milioni tatu tu. Kipo kitupu miaka na miaka, hakina mtu."

Nikamuuliza, "Kwa nini kipo kitupu?"

Akacheka. "Nyie watu wa sheria bwana! Kwani kiwanja kinatakiwa kiwe na nini?"

Makala hii yote ni kuhusu hilo swali. Kwa nini kipo kitupu? Nimegundua vijana wengi tunauliza bei, tunauliza ukubwa, tunauliza kama umeme umefika, halafu swali la kwanza kabisa hatuliulizi. Na nimegundua pia kwamba serikali yenyewe imekuwa ikilikwepa swali hilo tangu zamani, kwa hasara ya watu wetu.

Tulichokikuta

Jumamosi tukaenda. Tulimkuta dalali na muuzaji wanatusubiri chini ya mti. Muuzaji akasema eneo lilikuwa la marehemu kaka yake, na kwamba ukoo umekaa na kumruhusu auze. Akatoa karatasi, muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi za wazee watano, vidole gumba viwili. Kaka yangu akanitazama kama anayesema, "Si unaona? Kila kitu kipo."

Mimi nikawa natazama kiwanja. Kilikuwa kitupu kweli, lakini utupu wake haukunikaa sawa. Uzio wa minyaa pembeni ulikuwa umekatwa vizuri. Msingi wa mawe wa nyumba ya zamani ulikuwa bado upo, na mafiga matatu yapo kwenye kona palipokuwa jiko. Majani yalikuwa yamefyekwa, si zamani sana. Nikajiuliza, kama hakuna mtu, anayefyeka ni nani?

Nikaaga kama naenda kuomba maji ya kunywa, nikaingia nyumba ya jirani. Nikamkuta bibi anachambua mbaazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na nyie mmekuja kununua?"

Lile "na nyie" ndilo lililonimaliza. Bibi akanieleza. Pale alikuwa anaishi mama mmoja na mume wake na watoto watatu. Mume alipofariki, upande wa mume wakaanza maneno, nyumba ya udongo ikaanguka masika, mama akachukua watoto akaenda Magugu kulima mpunga kwenye mashamba ya kukodi. Kila mwaka anarudi mara moja, anafyeka, anakata minyaa, analala kwa bibi usiku mmoja, anaondoka. "Anasema akipata nguvu atajenga," bibi akasema. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa kinamsubiri mwenyewe apate hela ya matofali.

Nilirudi nikamvuta kaka pembeni. Hatukununua. Dalali alikasirika, akaniambia, "Dada, umemkosesha kaka yako fursa."

Makamanda, baada ya wiki tatu nilipita pale. Kulikuwa na uzio wa mabati na lori moja la mchanga. Mtu mwingine alikuwa ameichangamkia ile "fursa".

Sisi tulipona, mama yule hakupona. Nitarudi kwake baadaye.

Kabla hujatoa hela

Najua wengi mmekuja hapa mkitaka kujua mtu anapona vipi. Haya ni mambo ninayowaambia ndugu zangu, kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, jua unasimama kwenye ardhi ya aina gani. Sigino ipo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati, lakini ni kata yenye vijiji. Kwenye kata kama hii unaweza kuvuka barabara tu ukahama sheria. Huku ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kule pameshaingia kwenye mchoro wa mipango miji, unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo. Ukinunua haki ya kimila kwenye ardhi ya kijiji, mauziano yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Nimesema halmashauri, yaani kikao chenye akidi na muhtasari. Mwenyekiti kukugongea muhuri kwenye goti lake siyo idhini. Na hakuna kifungu cha sheria ya ardhi kinachompa kiongozi yeyote wa kijiji au mtaa asilimia kumi ya bei yako. Ukiombwa, omba na risiti.

Pili, kama muuzaji anasema kiwanja kina hati, usiishie kuisoma kwa macho. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ile tunayoita sachi. Ofisi ya ardhi ya mkoa ipo hapahapa Babati, huna haja ya kupanda basi kwenda Arusha kama wazazi wetu enzi zile kabla mkoa wa Manyara haujazaliwa mwaka 2002. Sachi itakuambia jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki umekalia kile kiwanja, kama kuna zuio, na hati imebakiza miaka mingapi. Hati zetu ni za muda, miaka 33, 66 au 99. Ukiuziwa hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 umenunua mkia wa ng'ombe kwa bei ya ng'ombe.

Tatu, uliza pango la ardhi. Kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa kinadaiwa kodi ya pango kila mwaka hata kama kimeota miiba. Kikikaa kitupu miaka kumi bila kulipiwa, deni limekaa linakusubiri wewe mwenye haraka. Pia hati huja na masharti ya kuendeleza, kawaida ndani ya miezi 36. Mmiliki aliyevunja masharti anaweza kufutiwa, na ukinunua bila kuuliza unajikuta umenunua mgogoro wake na serikali.

Nne, kama ni ardhi ya marehemu, muhtasari wa ukoo hauuzi ardhi. Kazi yake ni kumpendekeza mtu. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama ni Mahakama ya Mwanzo utaona ile fomu namba nne. Hata yeye anauza kwa niaba ya warithi, siyo kwa niaba ya tumbo lake. Kama muuzaji yuko hai na ana mke au mume, mwenzake asaini. Msikubali ile ya "mke wangu yuko kijijini hajui mambo haya." Anayajua. Ndiyo maana hajaletwa.

Tano, tembea na futi. Kwenye barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Tangu lami ya Dodoma mpaka Babati ilipokamilika na kuzinduliwa mwaka 2018, madalali wanauza "viwanja vya barabarani" kama karanga. Vingine ni vya barabarani kwelikweli, yaani vipo ndani ya barabara. Kwenye mito na ziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Ziwa Babati ni zuri, viboko wake ni wazuri kwa picha, lakini limewahi kufurika na kuingia mjini.

Sita, soma maji yanapita wapi. Desemba 3, 2023, majirani zetu wa Katesh waliamka na tope la Mlima Hanang ndani ya nyumba, tukapoteza watu zaidi ya 80. Sisi tupo chini ya Kwaraa. Ukiona korongo limekauka na pembeni yake kuna eneo zuri tambarare ambalo wazee hawajawahi kujenga, usidhani wazee walikuwa wajinga. Waulize. Wagorowa na Wairaqw wameishi hapa vizazi na vizazi, wanajua maji yanakumbuka njia.

Saba, nenda bila dalali. Nenda asubuhi, nenda jioni, nenda siku ya mvua. Salimia wazee. Jirani wa pande zote nne ni sachi ya bure. Mimi sikupata taarifa ile kwenye ofisi yoyote, nimeipata kwa bibi anayechambua mbaazi.

Na hesabu je?

Tuseme umepita yote hayo salama. Bado kuna swali kama kiwanja kitupu ni uwekezaji kweli. Hapa nitasema jambo ambalo halitawapendeza watu wa semina za "fursa".

Chukua mfano wa kaka yangu, milioni tatu. Ongeza ushuru wa stempu asilimia moja, 30,000. Kuna kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida, ambayo kisheria ni mzigo wa muuzaji lakini huku kwetu wanunuzi wanaibebeshwa kimyakimya, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa. Ongeza mwanasheria, upimaji kama hakijapimwa, na nauli zako zote. Sasa tuseme bahati ni yako, baada ya miaka mitano kinauzika milioni nne na nusu. Umepata milioni moja na nusu. Gawa kwa miaka mitano, ni laki tatu kwa mwaka, yaani asilimia 10 ya ulichoweka, kabla hujatoa gharama na kabla hujakumbuka kwamba bei ya sukari nayo haikukaa palepale. Hatifungani za serikali za muda mrefu, ambazo unaweza kuanza na milioni moja, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hazina minyaa ya kufyeka wala shemeji wa kukuzungusha.

Sisemi msinunue ardhi. Mimi ni mtoto wa mkulima, sijafika huko. Ninachosema ni kwamba kiwanja kinalipa kikifanya kazi. Panda mbaazi au alizeti wakati unajipanga. Jenga chumba kimoja na choo, upangishe. Kodisha kwa fundi wa matofali. Kama mpango wako ni kukinunua, kuweka jiwe na kusubiri mji ukufuate, basi unacheza mchezo ambao wenye hela nyingi wameshaucheza kabla yako, na wana uwezo wa kusubiri kuliko wewe. Bodaboda mwenye milioni tatu hashindani kusubiri na mtu mwenye viwanja arobaini.

Na yule mwenye arobaini mfumo unambembeleza. Mama mwenye nyumba ya bati vyumba viwili na mita ya LUKU anakatwa kodi ya jengo 1,500 kila mwezi tangu mwaka wa fedha 2023/24, yaani 18,000 kwa mwaka. Hana ujanja, akinunua umeme imekatwa. Mwenye viwanja vitupu hana jengo, hana mita, kodi hiyo haimgusi. Anadaiwa pango tu, na kila siku tunasikia wizara ikiwatangaza wadaiwa sugu wa pango. Aliyejenga anabanwa, aliyekalia anasamehewa kwa kuchelewa. Halafu tunaambiwa vijana hatujitumi.

Neno "tupu" kwenye sheria

Sasa nirudi kwenye kile nilichosema mwanzo, kwamba hata serikali inalikwepa swali la kwa nini.

Mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, na imegawanywa makundi matatu, ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi ya jumla ni ile ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji. Safi. Lakini fungua Sheria ya Ardhi, kifungu cha 2, wamekuja na nyongeza, kwamba ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria mbili, mwaka mmoja, Bunge lilelile, tafsiri mbili.

Maneno machache tu, lakini yatafakarini. Malisho ambayo mifugo imehama kwa msimu yanatumika au hayatumiki? Shamba lililopumzishwa je? Na kiwanja cha mjane aliyeko Magugu? Nani anaamua kwamba hapa ni patupu, yule anayeishi pale au yule aliyepita na gari la vioo vyeusi?

Mkoa wetu una jibu la kihistoria. Kule Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalianzishwa, kisha yakapanuliwa kwa msaada wa Canada, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wanachunga. Wafugaji wanahama kwa majira ili majani yapone. Mtu wa ofisini akitazama mwezi ambao hawapo, anaona pori. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza matokeo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiliwahi kumilikishwa ardhi ile. Tunaisoma darasani kama kesi ya ushahidi na taratibu. Mimi nikiisoma naona watu wa mkoa wangu waliokuwa wametoka kidogo, wakarudi wakakuta trekta.

Karibu miaka kumi baadaye ilikuja hukumu nyingine, na hii kila kijana wa Manyara angepaswa kuijua kama anavyojua matokeo ya Simba na Yanga. Ni kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mzee wa Kiiraqw na mwanawe walisimama dhidi ya sheria ya mwaka 1992 iliyotaka kufuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa. Mahakama ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na mtu aliyeweka jasho lake kwenye ardhi hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Mpaka wakati ule kulikuwa na fikra kwamba ardhi tupu haina thamani, thamani ipo kwenye mti au ukuta ulioweka juu yake. Sheria ya 1999 yenyewe ikakubali baadaye kwamba maslahi kwenye ardhi yana thamani.

Kwa hiyo Mahakama imeshasema tupu siyo bure. Lakini yale maneno ya kifungu cha 2 yapo palepale.

Tunataka nini

Mimi siamini kwamba tatizo hili litaisha kwa kila kijana kuwa mjanja. Kaka yangu alikuwa na dada anayesoma sheria. Wangapi wanaye? Na hata ujanja wetu haukumsaidia yule mama hata kidogo, ulimsogeza tu mnunuzi mwingine kwenye foleni. Ndiyo maana hili ni suala la siasa.

Kitu cha kwanza ni uwazi. Kila ofisi ya kata iwe na orodha iliyobandikwa ukutani ya viwanja vilivyopimwa kwenye kata, vipi vimegawiwa na vipi havijagawiwa, vipi vina mgogoro. Upekuzi uwe wa bei ambayo bodaboda anailipa kwa simu akiwa kijiweni. Leo taarifa za ardhi zinauzwa na madalali kwa sababu ofisi hazizitoi. Dalali ni matokeo ya giza.

Cha pili, wanaohodhi viwanja vya mji, vyenye hati na masharti ya kujenga, wabanwe kwa masharti waliyosaini wenyewe. Lakini hapa naomba makamanda tuwe makini. Kuna wenzetu wanataka tuimbe "kiwanja kitupu kichukuliwe, apewe kijana." Linapigiwa makofi sana, nimeliona. Rungu hilo likishatengenezwa litaanza na nani? Haliendi kwa kigogo mwenye wakili. Linaenda kwa mama wa Magugu, kwa sababu na chake ni kitupu. Kwanza tujue nani ni nani, ndipo tubane. Tukikosea mpangilio huo tutakuwa tumewatengenezea wao silaha.

Cha tatu, yale maneno ya kifungu cha 2 yafutwe. Ardhi ya kijiji iwe ya kijiji hata msimu ambao hakuna mtu anayelima. Wanasheria wa chama wana kazi hapa, na mimi najitolea kubeba mafaili.

Wakati tunasubiri hayo, kuna kitu hakihitaji Bunge. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni wa watu wote wazima wa kijiji, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukiwa na miaka 18 wewe ni mjumbe, huhitaji kadi ya chama chochote. Halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25 tunaowachagua kwenye serikali za mitaa, ndiyo inayoisimamia ardhi kila siku. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 tuliona jinsi wagombea wetu walivyoenguliwa, na wengi tuliulizana kwa nini watu wanatumia nguvu zote zile kwa ajili ya uenyekiti wa kijiji usio na mshahara. Jibu ni ardhi. Basi hata kama hatumo kwenye halmashauri, tuwemo kwenye mkutano. Simama, uliza kwa adabu: tangu kikao kilichopita, maeneo gani yameuzwa, nani ameidhinisha, muhtasari uko wapi? Vijana watano wakiuliza hivyo kila miezi mitatu, mambo yanabadilika hata kabla ya sheria.

Mama wa Magugu

Nilimpata kwa simu ya bibi. Sikumjua, nikajitambulisha, nikamwambia nilichokiona. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, "Na minyaa wamekata?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Niliipanda na marehemu."

Nilimweleza kwamba njia ipo. Baraza la kata litajaribu kuwasuluhisha, tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuhukumu. Ikishindikana aende Baraza la Ardhi na Nyumba. Nikamwambia afungue mirathi, asisubiri ukoo umruhusu, na asikubali kuambiwa kwamba mila inamkataa mwanamke. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, alishasema mila inayombagua mwanamke kwenye ardhi ya ukoo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Nikamwambia pia ana muda, madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, lakini asiutumie wote. Kila tofali linalopanda pale linaongeza ugumu.

Shauri lake bado bichi, siwezi kusema zaidi. Ameshafungua mirathi. Nauli ya kwenda na kurudi Babati anaitoa kwenye hela ya mpunga.

Kaka yangu bado ana milioni tatu na laki mbili zake, pungufu kidogo maana alinunua tairi. Juzi alinipigia. Ameonyeshwa eneo lingine, upande wa pili wa barabara. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimeshaenda kwa majirani watatu. Kimebaki kitupu kwa sababu mwenyewe yuko Dodoma kikazi, nimeongea naye, na mke wake, na Jumatatu naenda kufanya sachi."

Mapambano yanaendelea.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana, Sigino, Babati.